Mwenye Macho Naye Huambiwa Tazama

Wazee wetu walisema mwenye macho haambiwi tazama. Ni methali nzuri inapomhusu mtu mzima aliyesimama mbele ya jambo lililo wazi. Lakini siku hizi naisikia ikitumiwa mahali pasipo pake, tena na watu wenye elimu yao, nami nimechoka kunyamaza. Naisikia kwa watu wanaoziandaa kompyuta zifanye kazi za ofisi: kupokea maombi, kupanga miadi, kutafuta majalada, kurudisha fedha za wateja. Ukiwauliza kwa nini hawakuieleza mashine yao kinaganaga kazi wanayoitaka, hukujibu kwamba mashine za sasa zina akili, zitaelewa zenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nasema wamekosea. Na kosa lao haliwarudii wao, bali huwaangukia watu ambao hawakuwamo katika shauri hilo. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza nieleze jambo lenyewe, maana si kila msomaji amepata haja ya kujua mambo ya ndani ya kompyuta. Akili mnemba tunayoisikia kila siku ikiandika barua na kujibu maswali msingi wake ni modeli ya lugha, yaani programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno hata ikaweza kuendeleza maneno kwa namna yenye maana. Modeli peke yake hujua kusema tu. Haiwezi kufungua daftari la wagonjwa wala kutuma fedha. Ili iweze kutenda, watu huipa zana, yaani programu ndogo ndogo, kila moja na kazi yake. Modeli ikipewa zana hizo pamoja na ruhusa ya kuamua yenyewe itumie ipi, lini, na ianze na ipi, ndipo huitwa wakala. Mtindo huu ulishika kasi Juni 2023, kampuni ya OpenAI ilipowapa waandishi wa programu njia rasmi ya kuieleza modeli yake zana walizo nazo. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa kanuni ya wazi iitwayo Model Context Protocol, ili zana iliyoandikwa na mtu mmoja iweze kutumiwa na wakala wa mtu mwingine, hata kama wawili hao hawajuani.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Modeli haioni ndani ya zana. Kwa kawaida hupewa vitu vitatu tu: jina la zana, maelezo yake, na orodha ya nafasi za kujaza, kila nafasi na jina lake na maelezo yake. Basi. Haioni jinsi programu ilivyoandikwa. Haimjui aliyeiandika. Haijui desturi za ofisi. Maneno yale machache ndiyo macho yake yote. Yasiyoandikwa humo, kwake hayapo. Na yaliyoandikwa kombo, kwake ndiyo kweli.

Sasa tazama jinsi maneno hayo yanavyoandikwa. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhariri vitabu vya maelekezo, na katika miaka hii ya karibuni vijana wa kompyuta wameniletea orodha za zana zao nizipitie lugha. Nimekuta zana iitwayo "tafuta", na maelezo yake ni maneno mawili: "Hutafuta taarifa." Nafasi ya kujaza ni moja, nayo inaitwa "swali". Taarifa gani? Za nani? Za mwaka huu au za tangu ofisi ifunguliwe? Swali liandikwe kwa sentensi nzima au kwa jina la mtu tu? Zana isipopata kitu hurudisha nini: tupu, au neno la kosa? Na huyo aliyetafutwa akikosekana, maana yake hayupo, au maana yake hayupo katika daftari hili ila yumo katika jingine? Chini yake kuna zana ya pili, "pata_taarifa", nayo maelezo yake ni "Hupata taarifa." Nikamuuliza kijana tofauti ya hizi mbili. Akanieleza kwa dakika kumi, kwa ufasaha, bila kukwama hata mara moja. Yote aliyonieleza alikuwa anayajua. Hakuna hata moja aliloliandika.

Mtumishi mpya wa kibinadamu angepona katika hali hiyo. Angekaa na wenzake siku tatu, angewatazama wanavyofanya, angesikia wanavyonong'ona kuhusu daftari lipi ni bovu, na akishikwa na shaka angesogea meza ya jirani na kuuliza. Kuuliza si ujinga. Lakini wakala wa akili mnemba huanza kila kazi kama mtumishi wa siku ya kwanza. Ya jana hayakumbuki, isipokuwa kama amewekewa mahali pa kuyasoma. Jirani wa kumwuliza hana, isipokuwa kama ameambiwa kwamba kuuliza kunaruhusiwa na ni nani wa kuulizwa. Tumemwajiri mgeni, tukamfungia chumbani na karatasi moja, kisha karatasi yenyewe tukaiandika maneno mawili. Akikosea tunamcheka.

Kama jambo hili lingeishia kwenye kicheko, nisingepoteza wino. Nitatoa mfano mmoja ninaoujua vizuri, kwa kuwa niliitwa kupitia maandishi baada ya malalamiko. Zahanati moja ya watu binafsi jijini Dar es Salaam iliweka wakala wa kupokea maombi ya miadi kwa ujumbe wa simu. Mama mmoja mtu mzima, mgonjwa wa sukari anayeishi nje ya jiji, aliandika kwamba anaomba kuja Jumanne saa nne kupimwa sukari kabla ya kula. Zana ya kupanga miadi ilikuwa na nafasi iitwayo "saa", na maelezo yake yalisema: "Saa ya miadi." Wakala akajaza 4, kama mama alivyosema. Programu iliyokuwa nyuma ya zana ilihesabu kwa saa za kizungu, na ilikuwa imeandikwa hivi: ikipewa saa ambayo zahanati imefungwa, isogeze mbele saa 12. Saa 4 za usiku wa manane zahanati imefungwa. Basi ikaweka 16:00, ambayo kwetu ni saa kumi jioni. Kisha zana ikarudisha jibu: "Miadi imepangwa, saa 4." Mama akasoma saa nne, akaridhika.

Siku ya siku akatoka nyumbani alfajiri, hajatia kitu tumboni tangu usiku, akapanda magari mawili. Mapokezi wakatazama kioo cha kompyuta, wakamwambia miadi yake ni saa kumi jioni na kwamba asubuhi ile nafasi zimejaa. Kipimo kile hutaka mtu awe amelala na njaa. Na mgonjwa wa sukari hawezi kukaa na njaa hadi jioni. Akala, kwa sababu alianza kuona kizunguzungu. Kipimo kikawa kimeharibika, nauli imekwenda, na siku nzima ya mwanawe aliyemsindikiza imekwenda pia.

Sikiliza sasa maneno yaliyosemwa baadaye. Wa kwanza alisema mashine haijui Kiswahili. Si kweli, ilijua Kiswahili cha kutosha kumwelewa mama na kumjibu kwa adabu. Wa pili alisema mama angetaja "asubuhi". Huyu alinikasirisha zaidi. Mama alisema saa nne kama wanavyosema mamilioni ya watu katika nchi hii, akiiandikia zahanati ya Waswahili, kwa lugha ya Waswahili, kuhusu kipimo ambacho hufanywa asubuhi. Wa tatu alisema ni hitilafu ndogo, wataitengeneza. Hakuna aliyesema neno moja lililokuwa la haki: kwamba kwenye nafasi ile ya "saa" palitakiwa pawe na sentensi mbili, na mwenye kazi ya kuziandika hakuziandika.

Sentensi zenyewe hazikuhitaji fundi mkubwa. Nilipoombwa kutoa mfano niliandika hivi: "Zana hii hupanga miadi mipya ya mgonjwa aliyekwisha kusajiliwa. Usiitumie kubadili miadi iliyopo; kwa hilo tumia zana ya kuhamisha miadi. Saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24: 10:00 ni saa nne asubuhi, 16:00 ni saa kumi jioni. Mgonjwa akitaja saa kwa Kiswahili, igeuze kwanza. Zahanati hufunguliwa 08:00 na kufungwa 18:00, hivyo 'saa nne' bila neno jingine ni 10:00. Ukiwa na shaka, muulize mgonjwa kabla ya kupanga. Vipimo vya kabla ya kula hufanywa asubuhi tu. Zana hurudisha namba ya miadi pamoja na saa iliyopangwa. Mjulishe mgonjwa saa hiyo kwa Kiswahili, ukitaja asubuhi, mchana au jioni. Bila namba ya miadi, hakuna kilichopangwa."

Hayajai hata nusu ukurasa. Lakini yamesema zana inafanya nini, haifanyi nini, lini itumike nyingine, kila nafasi ijazwe vipi na kwa kipimo gani, shaka ikiingia pafanywe nini, na jibu linaporudi lina maana gani. Mambo hayo sita ndiyo kazi yote. Sioni ugumu wake. Ninachokiona ni dharau.

Na saa ni mfano mmoja tu. Tarehe 03/04/2025 kwetu ni siku ya 3 ya Aprili. Kwa Mmarekani ni siku ya 4 ya Machi. Namba ya simu mtu huisema kwa kuanza na sifuri, ilhali mifumo mingi hutaka ianze na 255. Baadhi ya mifumo ya malipo huhesabu fedha kwa senti, hivyo ukiandika 5000 ukidhani ni shilingi elfu tano, mwenyewe hupokea shilingi hamsini. Watanzania wengi huandikishwa kwa majina matatu, la mtu, la baba na la babu. Zana inayotaka "jina la ukoo" bila kueleza ni lipi kati ya hayo itampoteza mtu ndani ya daftari ambalo jina lake limo. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo akili peke yake inaweza kuligundua. Ni mambo yaliyokubaliwa na watu fulani, katika ofisi fulani, siku fulani. Jambo la makubaliano halijulikani kwa akili. Hujulikana kwa kuambiwa.

Wenye kiburi cha ufundi watasema haya ni ya wanaoanza. Basi wawatazame wakubwa. Septemba 1999 shirika la Marekani la safari za anga, NASA, lilipoteza chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja ya duniani ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, na programu iliyozipokea ikazichukua kuwa ni za vipimo vya metriki. Tofauti ilikuwa zaidi ya mara nne. Namba zilikuwa sahihi. Kompyuta hazikuharibika. Kilichokosekana kati ya programu na programu ni kipimo kuwa kile kile pande zote mbili na mtu wa kuhakikisha hivyo. Watu wale hawakukosa akili.

Na kuhusu jibu linalorudi, wasisahau mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Machi 1979. Vali moja ilikwama ikiwa wazi, maji ya kupoza yakawa yanatoka. Mezani palikuwa na taa, na taa ilionyesha kama kwamba vali imefungwa. Kumbe taa ile haikuwa ikionyesha kwamba vali imefungwa. Ilikuwa ikionyesha kwamba amri ya kuifunga imepelekwa. Maji yalitoka kwa zaidi ya saa mbili kabla ya watu kutambua. Hebu sasa tufungue orodha za zana za leo tuone ni ngapi zinazorudisha neno "imefanikiwa" bila kusema kilichofanikiwa ni nini. Barua pepe imetumwa, au imefika? Fedha zimerudishwa, au ombi la kuzirudisha limepokelewa? Wakala husoma "imefanikiwa" na kumwambia mteja, kwa lugha tamu, kwamba fedha zake tayari ziko njiani. Mteja akingoja wiki mbili, ni nani aliyemdanganya?

Najua majibu ya wapinzani wangu, nitayachukua moja moja.

La kwanza: modeli zinazidi kuwa na akili kila mwaka, mwakani hazitahitaji kuelezwa. Kweli zinazidi, hilo silikatai. Lakini fikiri akili ile inatumika wapi. Penye pengo katika maelezo, modeli dhaifu hukwama, na kukwama kwake tunakuona. Modeli hodari hukisia, tena hukisia kwa namna inayofanana na kweli, na kuendelea mbele. Kadiri inavyokisia vizuri ndivyo kosa lake linavyokuwa gumu kukamatwa. Hata wanaozitengeneza hawasemi hilo wanalolisema mashabiki wao. Desemba 2024 wahandisi wa Anthropic walieleza kwamba walipotengeneza wakala wa kurekebisha programu walitumia muda mwingi zaidi kuboresha zana kuliko kuboresha maagizo ya jumla. Wakala wao alikuwa akikosea mafaili kila alipohama kutoka folda ya mwanzo, kwa kuwa zana ilikubali anwani ya faili iliyofupishwa. Hawakumfunza akili mpya. Waliibadili zana idai anwani kamili kila mara, na kosa likaisha. Kampuni hiyo hiyo, katika maelekezo yake kwa waandishi wa programu, husema kila zana ielezwe kwa sentensi tatu au nne angalau. Mwenye mashine mwenyewe anasema ielezwe. Wewe uliyeikodi unasema haihitaji. Nimsadiki nani?

La pili: maneno mengi hula nafasi na fedha. Hili lina ukweli ndani yake. Modeli hulipiwa kwa wingi wa maneno inayosoma, na zana zikiwa nyingi, maelezo marefu ya kila moja huijazia kichwa mambo isiyoyahitaji kwa wakati huo. Lakini mimi sitetei urefu, natetea uwazi. Nimesoma maelezo ya zana ya kurasa mbili yasiyosema kama fedha ni shilingi au senti, ila yamesema mara tatu kwamba zana hii ni ya kisasa na yenye nguvu. Ondoa sifa, weka kipimo. Unganisha zana nne zinazofanana ziwe moja, nawe utakuwa umeokoa maneno kuliko aliyebana kila sentensi. Na anayehesabu gharama ahesabu zote, pamoja na ile isiyoingia katika hesabu zake: nauli ya mgonjwa, siku ya kazi iliyopotea, mfanyakazi wa mapokezi anayetukanwa kwa kosa asilolitenda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa bahati mbaya huku ukuta hujengwa na mwingine.

La tatu: kazi ya kuandika maelezo iachiwe mashine yenyewe. Ipewe programu, iisome, ijiandikie maelezo. Nimeona ikifanyika, na kwa rasimu si vibaya. Huandika kwa unadhifu. Lakini mashine itaandika kilichomo katika programu. Haitaandika kwamba daftari la tawi la pili halijafanyiwa usahihisho tangu mwaka juzi, au kwamba fedha zikisharudishwa haziwezi kuitwa tena, au kwamba mgonjwa wa kipimo cha njaa asipangiwe jioni. Hayo yamo vichwani mwa watu, na hasa vichwani mwa watu ambao hawaitwi kwenye mikutano ya kompyuta: karani, muuguzi, mtunza stoo. Anayeandika maelezo ya zana bila kukaa na karani hajaanza kazi.

La nne nimelisikia kwa sauti ya chini: haya yaandikwe kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya kompyuta. Sina ugomvi na Kiingereza. Modeli nyingi zimesoma maandishi ya Kiingereza mengi kuliko ya Kiswahili, na yawezekana maelezo ya Kiingereza yakafaa. Ninachodai ni viwili. Kwanza, yawe ni yenye kusomeka na mtu atakayeulizwa siku mambo yakiharibika. Kama mkuu wa zahanati hawezi kusoma maagizo ambayo zahanati yake imempa wakala, basi hakuyatoa yeye. Pili, kwa lugha yoyote yatakayoandikwa, mambo ya Waswahili yawemo. Hakuna Kiingereza kizuri kiasi cha kuifanya saa nne ijulikane kuwa 10:00 bila mtu kuandika hivyo.

Kuna jambo moja zaidi, zito kuliko hayo. Mwaka 2025 wachunguzi wa usalama wa kompyuta walionyesha kwamba mtu mwovu aweza kuficha maagizo ndani ya maelezo ya zana, kwa mfano kumwambia wakala asome faili la siri la mwenye kompyuta na kulipeleka kwingine. Na wakala akatii, kwa sababu kwake maelezo ni maelezo. Ofisi iliyozoea kutosoma maelezo ya zana zake yenyewe haitasoma pia ya zana ilizochukua kwa wengine. Mlango ule ule wa uzembe ndio atakaopitia mwizi.

Ndiyo maana sikubali jambo hili liitwe la lugha tu, la wahariri na wapenda ufasaha. Ni jambo la dhamana. Zamani karani akikosea kuandika miadi, jina lake lilikuwa daftarini, na mwandiko wake ulijulikana. Leo tumeweka kati ya mgonjwa na zahanati kitu kisichoona haya, kisichofukuzwa kazi, na kila mtu amepata pa kusukumia lawama: mkuu huisukumia mashine, fundi huisukumia kampuni ya ng'ambo, kampuni ya ng'ambo husema iliagizwa vibaya. Katika mzunguko huo wote kuna mahali pamoja tu ambapo mtu wa hapa, mwenye jina, alikaa akaamua mashine iambiwe nini na isiambiwe nini. Mahali hapo ni yale maelezo ya zana. Ndiyo waraka wa kazi. Mwenye kutuma ndiye mwenye dhamana, na alichotuma ni hicho alichoandika, si alichokuwa nacho moyoni.

Basi ninachotaka ni kidogo, na hakihitaji fedha za wafadhili. Kila zana anayopewa wakala katika ofisi inayohudumia watu iwe na maelezo ambayo mtu asiyejua kompyuta aweza kuyasoma na kusema, naam, kazi hii hata mimi ningeifanya kwa karatasi hii peke yake. Kabla wakala hajakabidhiwa, karatasi hiyo apewe mtu mgeni, asiyeruhusiwa kuuliza, afanye kazi hiyo kwa maombi ishirini ya kweli. Pale atakapokwama au kukisia, maelezo yaandikwe upya. Na chini ya kila maelezo liwekwe jina la aliyeyaandika, la aliyeyakubali, na tarehe. Mafundi wataona jina kuwa ni adhabu. Karani wa zamani aliliona kuwa ni kawaida.